Friji ya Mama Ngige

Kitale ina baridi yake ya bure. Asubuhi ya mwezi wa saba mtu hutoka nje na blanketi mabegani, na maji ya mtungi huuma meno bila msaada wa stima. Kwa hiyo mwaka wa elfu mbili, Gladwell, mjane wa Kang'ethe, aliponunua friji kuukuu na kuiweka kwenye duka lake la maziwa, watu walimcheka mpaka wakachoka. Walisema amenunua baridi mahali ambapo baridi hugawiwa na Mungu. Gladwell hakujali. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mzazi wa watoto sita ambao wote walikuwa hai, wa kwanza wao akiitwa Ngige, na friji ile aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa kisafi kuliko alichofutia uso wake.

Jirani yake Edah hakumcheka. Edah alikuwa msichana wa Kamukuywa aliyeolewa na Wanyonyi wa Myanga, karani wa ghala la mbegu za mahindi. Yeye mwenyewe alifuma sweta za shule kwa mashine iliyokaa dirishani, na wakati huo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alizaliwa peke yake kwao, akakua bila wa kugombana naye, na alikuwa ameapa kwamba nyumba yake itajaa kelele. Watano, alimwambia Wanyonyi. Wanyonyi akasema wanne wanatosha. Walibishana juu ya huyo wa tano kana kwamba yuko mlangoni anapiga hodi.

Kliniki walimtoa damu, na nesi akaandika kwenye kadi yake herufi O na kialama cha kutoa.

"Damu yako ni ya negativu," akamwambia. "Ya mzee ni pozitivu. Huyu mtoto wa kwanza hana shida. Lakini damu yake ikiingiana na yako ukizaa, mwili wako unajifunza kuichukia, halafu hao wengine wakija unawapiga vita wakiwa bado tumboni. Kuna sindano ya kuzuia. Unadungwa ukishazaa, kabla siku tatu ziishe. Sisi hapa hatuna, nunueni mapema muweke mahali pa baridi. Mwingine!"

Foleni ilikuwa imefika getini na nesi alikuwa peke yake, kwa hivyo lawama si yake. Ila maneno yale matatu, mahali pa baridi, yangestahili kufungwa jela.

Wanyonyi alienda Eldoret, akarudi na kichupa kidogo ndani ya themosi iliyojaa barafu. Gladwell alikipokea kwa mikono miwili.

"Wamesema mahali pa baridi, Mama Ngige," Edah akamwambia.

"Baridi? Si umefika, bana! Hapa kwangu kuna baridi ya kuua simba." Akafungua friji, akaikagua kama mwenye nyumba anayemtafutia mgeni kitanda. Chini palikuwa na maziwa na soda. "Lakini huku chini, ati, watu wanafungua kila saa, baridi yake ni ya kubahatisha. Wacha nikuwekee huku juu, penye barafu inashika. Hapa hata stima ipotee siku mzima, haitaharibika."

Akakifunga kwa kitambaa cheupe, akakisukuma ndani kabisa ya friza, nyuma ya barafu tamu alizowauzia watoto wa shule. Kisha akawatangazia watoto wake sita kwamba atakayekigusa atajua yeye ni nani.

Hivyo ndivyo kosa lilivyofanyika, mchana kweupe, kwa moyo mweupe. Dawa ile haitaki kugandishwa. Ikiganda inakufa, na ikiyeyuka haionyeshi kwamba imekufa. Jambo hilo liliandikwa ubavuni mwa kiboksi chake, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, na kiboksi chenyewe Wanyonyi alikuwa amekitupa Eldoret ili kichupa kiingie kwenye themosi.

Ivy alizaliwa mwezi wa nane, saa sita mchana, akilia kwa sauti iliyomfanya baba yake ajishike kiuno na kucheka. Wanyonyi alikimbia kwa Gladwell kuchukua dawa. Ilikuwa imegandamana na barafu ikabidi waibandue kwa mpini wa kisu. Gladwell alifunga duka, akakitia kichupa kifuani chini ya sweta, akaandamana naye hospitalini, njia nzima akimwomba Mungu kwa Kikikuyu. Walipofika wodini dawa ilikuwa maji matupu, safi, ya kupendeza. Nesi alimdunga Edah bila swali. Edah alimshukuru nesi, akamshukuru Wanyonyi, na Gladwell akamshukuru mara tatu.

Miaka miwili baadaye alizaliwa Levi. Siku ya pili weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano, siku ya tatu ngozi nzima, hadi kwenye nyayo. Siku ya nne alikataa kunyonya, na siku ya tano akafa. Phelista, mama yake Wanyonyi, alikuja kutoka Myanga na kuku mmoja na maelezo yake. Alisema mtoto ameitwa jina la kwenye Biblia tu, hakupewa jina la mtu wa ukoo, kwa hiyo hakuona sababu ya kukaa. Edah hakubishana naye. Mtu aliyefiwa hana nguvu za kubishana, na isitoshe, Phelista alimwogesha kwa mikono yake wiki nzima na kumkatalia kushika hata kijiko.

Wa tatu hakufika hata kulia. Mimba ikiwa ya miezi minane mateke yalipungua, yakawa ya mara moja moja, yakakoma. Alizaliwa amevimba mwili mzima, msichana, na hakupewa jina lolote. Gladwell alikuja wodini kila siku na chupa ya uji. Siku Edah alipokataa kunywa, Gladwell alikaa kando ya kitanda akaunywa yeye mwenyewe huku analia, kwa sababu hakujua la kufanya na uji ule. Hapo Edah akacheka kidogo, mara ya kwanza baada ya siku nne.

Aliyekuja kumfungua macho ni daktari kijana aliyeitwa Kipruto, mpole, mwenye tabia ya kusoma kadi ya mgonjwa yote tangu ukurasa wa kwanza. Edah alikuwa amerudi hospitalini wiki ya sita baada ya kujifungua, peke yake, kuuliza kwa nini.

"Hapa imeandikwa ulidungwa sindano ya negativu baada ya mtoto wa kwanza," Kipruto akasema. "Ni kweli?"

"Ni kweli, daktari. Tulinunua sisi wenyewe."

"Mliiweka wapi kabla ujifungue?"

"Kwa friji ya jirani."

"Kwa friji sehemu gani? Chini ama kwa friza?"

Edah alikumbuka jinsi Wanyonyi alivyowahadithia wageni wa Ivy, kwa mbwembwe, namna alivyopigana na barafu kwa kisu ili amwokoe mkewe. Hadithi hiyo aliirudia mpaka watu wakaizoea.

"Friza," akasema.

Kipruto akaiweka kadi mezani. "Ikiganda inaharibika," akasema. "Siwezi kusema kwa hakika kwamba ni hiyo tu, mama. Hata dawa nzuri mara moja moja hukosa. Lakini pengine ni hiyo. Na sasa mwili wako umeshajifunza, hakuna sindano ya kuufanya usahau."

Edah alitembea kwa miguu hadi nyumbani. Kufika kwenye ploti walikopanga lazima upitie mbele ya duka la maziwa, na Gladwell alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake, akifuta friji.

"Mama Ivy! Daktari amesema nini?"

Edah alimwangalia yule mama. Alimwona amekonda kidogo, amekonda kwa ajili yake, na hasira ikampanda. Alitamani kumwambia pale pale, mbele ya wateja, kwa sauti ya kusikika sokoni, kwamba friza yako imeniulia watoto wawili. Kisha akajiuliza ni nani aliyempa kichupa kile mkononi. Ni nani aliyeambiwa "mahali pa baridi" akaona aibu kuuliza baridi gani, kwa sababu nesi alikuwa na haraka?

"Amesema ni damu tu," akajibu, akapita.

Hakumwambia hata Wanyonyi. Wanyonyi alikuwa mtu mwema lakini mdomo wake haukuwa na kifuniko, na habari hiyo ingemfikia Gladwell kabla chai haijapoa. Edah akaimeza, ikakaa tumboni mahali pa mtoto. Kuna siku alimchukia Gladwell hata akashindwa kunywa maziwa yake. Siku nyingine alipomwona anatoka kanisani na Ivy mgongoni, moyo ulimlainika mpaka akajichukia yeye mwenyewe. Hakuna aliyejua. Sweta za shule ziliendelea kutoka dirishani, za kijani, za maruni, za watoto wa watu wengine.

Mwaka wa elfu mbili na sita akashika mimba ya nne. Kipruto hakumficha kitu.

"Nafasi ipo, lakini ni ndogo," alimwambia. "Mimba ikifika wiki thelathini na tano, uende Eldoret ukalale huko huko. Watakuzalisha mapema, na damu ya negativu iwe tayari kabla mtoto atoke. Watamtoa damu yake kidogo kidogo wakimwekea ile nyingine. Ikifanywa siku ya kwanza, anaweza kupona. Ikicheleweshwa, hapana. Na huyu akienda, mama, usijaribu tena. Kila mimba inafanya vita iwe kali zaidi."

Edah aliyashika maneno hayo kama mtu anayeshika kamba. Wiki thelathini na tano. Aliziandika ukutani kwa chaki, kando ya mashine, na kila Jumapili alifuta namba akaandika nyingine. Ilipofika thelathini na mbili, Phelista akaja kumchukua.

"Hapa unafuma tu, unafuma tu," Phelista akasema. "Utazalia juu ya hiyo mashini. Kuja Myanga upumzike, ure vizuri. Hiyo wiki yako ikifika, Wanyonyi atakupereka hiyo Eldoleti."

Ulikuwa wema, na Edah alikuwa amechoka. Akaenda. Myanga alilala, akala, akanenepa mashavu. Alipokaribia kuingia wiki ya thelathini na nne, asubuhi akiwa anachambua mboga kivulini, maji yakamtoka yakalowesha kiti.

Walimkimbiza kwenye hospitali moja mjini Bungoma. Mtoto alitoka kabla ya adhuhuri, mvulana, mdogo, na alilia. Alilia kweli! Edah aliisikia sauti ile akatamani kuamini. Lakini nesi alipomgeuza mtoto kwenye mwanga, hakusema hongera. Aliita mwenzake, wakamtazama pamoja. Tayari alikuwa na rangi ile.

"Damu ya negativu mnayo?" Edah akauliza akiwa bado amelala juu ya kitanda cha kuzalia.

"Hatuna hata mfuko mmoja, mama. Lazima Eldoret."

"Basi toeni yangu. Mimi ni negativu. Toeni yote mnayotaka."

Nesi alimshika bega. Alikuwa mama wa makamo, na ilionekana wazi kwamba jibu hilo hakupenda kulitoa. "Yako ndiyo inampiga," akasema. "Hiyo ndiyo hatuwezi kumpa."

Ambulensi ilikuwa imepeleka mgonjwa mwingine na ingerudi kesho yake asubuhi. Teksi hawakuruhusiwa, kwa sababu mtoto alihitaji hewa ya mtungi. Walimweka dirishani apate jua. Wanyonyi alipiga simu kila mahali, akapiga tena, mpaka simu ikazima. Phelista naye alikuwa amepiga simu moja tu, mapema, kwenda Kitale, na alasiri Gladwell akashuka Bungoma akihema, na shali yake ya kanisani mabegani.

Kwa Wabukusu, watoto wakifa wakifuatana, anayezaliwa baada yao hutupwa. Hatupwi kweli, hulazwa kwenye jaa la majivu kana kwamba hakuna anayemtaka, na mwanamke wa nje ya ukoo hupita, hujifanya amemkuta tu, humwokota na kumrudisha kwa mamake kama mtoto wake yeye. Hapo mtoto huitwa Makokha, na kile kinachowafuata watoto wa nyumba ile humpita kisimtambue. Anayeokota hachaguliwi hivi hivi. Awe mama ambaye watoto wake wote wako hai, na ambaye mkono wake haujawahi kuharibu kitu cha nyumba hiyo.

"Mama Ngige ana sita, wote wazima," Phelista akasema. "Na anakupenda. Tutapata nani mwingine?"

"Si yeye, Mama," Edah akasema.

"Kwa nini si yeye?"

Edah akatazama mlangoni. Angesema nini? Gladwell alikuwa amesimama pale pale mlangoni mwa wodi, amejaa hofu na fahari, kama mtu aliyeteuliwa kusimamia harusi.

Nyuma ya jiko la hospitali palikuwa na jaa la majivu ya kuni. Nesi yule wa makamo aliwapa dakika tano, akatazama pembeni. Phelista akalaza kitenge juu ya majivu, mtoto juu ya kitenge, wakaenda zao bila kugeuka. Kisha Gladwell akapita, akasimama, na kwa sauti ya kuigiza iliyomtoka vibaya akasema, "Ngai! Nani ametupa mtoto mzuri hivi? Mimi nimepata, huyu ni wangu." Akamwokota. Alipofika kwa Edah machozi yalikuwa yakimdondoka kidevuni, na hakuna sehemu ya hayo iliyokuwa maigizo.

"Mama Ivy, nilelee huyu mtoto wangu," akasema, kama alivyofundishwa.

Edah akampokea Makokha. Hakuwa mtu wa kuamini majivu, lakini saa ile angeamini chochote. Alimwambia mtoto sikioni, taratibu, asimtambue mtu, ajifanye si wa nyumba hii.

Ambulensi ilikuja asubuhi, ikiwa imechelewa. Edah na Wanyonyi walipanda nyuma pamoja na nesi, wakavuka Webuye. Makokha alikuwa ameanza kukakamaa, shingo imerudi nyuma, sauti yake imekuwa nyembamba ya juu. Kabla ya Turbo akanyamaza. Nesi alisikiliza kifua, akasikiliza tena, akamgongea dereva kioo. Dereva hakuuliza, alipunguza mwendo, akaingia kando ya barabara, na wakakaa hapo hivyo, wote wanne, magari yakiwapita. Kisha akageuza gari.

Walimzika Myanga siku hiyo hiyo, nyuma ya nyumba, watu wachache, wimbo mmoja. Baadaye wanawake walikaa jikoni kwa Phelista. Wanyonyi alikuwa bado nje, ameegemea ukuta. Ivy, sasa ana miaka sita, alikuwa amelala mapajani mwa Gladwell.

Phelista alikuwa ameketi karibu na moto. Hakuwa mwanamke mbaya; alikuwa amezika wajukuu watatu na alitaka mahali pa kuuweka uchungu wake.

"Tulifanya kila kitu vile inatakikana," akasema. "Kila kitu. Kwa hivyo ni mkono. Aliyeokota mtoto, mkono wake hauko sawa." Akamgeukia Gladwell waziwazi. "Mama, tuambie ukweri. Hakuna kitu ya hii nyumba umewahi kushika ikahalibika?"

Gladwell aliwatazama mmoja mmoja, mdomo wazi, kisha macho yake yakamkimbilia Edah.

"Mimi?" akasema. "Mama Ivy, si uwaambie. Wewe ndio unanijua. Miaka hii yote, nishawahi kushika kitu yako nikaiharibu?"

Edah aliliona jibu limekaa mdomoni mwake, tayari, zito. Neno moja tu. Angelitoa, na uchungu wote wa miaka minne ungehamia kwa mwingine, na Phelista angepata alichokuwa akitafuta, na mama huyu mnene mwenye mtoto mapajani angeondoka hapa akiwa mtu mwingine, asifungue tena friji ile bila kuona makaburi. Alitaka kulitoa. Mungu anajua alivyotaka.

"Hapana," akasema. "Hakuna. Mkono wake ni mzuri, Mama. Ni mimi. Ni damu yangu."

Phelista akainamisha kichwa, akachochea moto. Gladwell akaanza kulia kwa shukrani, akanyoosha mkono juu ya mtoto aliyelala, akaushika wa Edah na kuubana.

"Usikufe moyo," akamwambia. "Utapata mwingine, na huyo atakaa. Mimi mwenyewe nitakusaidia kwa kila kitu, unasikia? Ukihitaji hata kuwekewa dawa, ulete kwangu."

"Asante, Mama Ngige," Edah akasema.